Dobi Mwenye Choa

Pete ya kwanza ilinizingira kiunoni,
pale kamba ya sketi ya ndani inapokaza.
Mwenye duka wa Tollygunge akanipa tyubu ya rupia arubaini:
"Paka, mama, utasahau."
Nikasahau. Siku nne.

Kisha zikarudi pete mbili, tatu,
kingo nyekundu, katikati peupe kama sahani iliyolambwa,
nami najikuna nyuma ya mashuka ya watu,
mimi Kadambini, ninayeng'arisha nusu ya Kolkata.

Mwarobaini nilichemsha. Kitunguu saumu kiliniunguza.
Tyubu ya sita ikaiacha ngozi nyembamba
mpaka mishipa ikachungulia.

Daktari Lahiri alikwangua, akainamia hadubini,
akauliza: "Nani mwingine nyumbani anajikuna?"
Sikuwa nimemtaja mtu.
Mume wangu akaangalia dari.

Basi dawa ni hii: tyubu jalalani,
kidonge baada ya chakula, wiki nane,
sote wawili, na taulo kila mtu lake,
nguo za ndani maji ya moto, jua, pasi.
"Mkiona pametakata, msiache.
Choa hujua kujilaza."

Wiki ya tano pametakata.
Kidonge kimoja ni mashati mawili ya kunyoosha.
Nahesabu mashati, nameza.

Nirapada bado anaficha chake chini ya ulimi,
akidhani sioni.
Miaka thelathini nasoma madoa ya watu.
Nampa maji, nasimama mlangoni,
nangoja koo lake lipande, lishuke.