Anayechunga ni Nani

Ng'ombe wangu Bahasha hajawahi kuuona Mlima.
Alizaliwa bandani, chini ya migomba ya Kibosho,
na banda linatazama ukuta wa jirani.
Mlima uko nyuma yake, juu ya mkia.

Shemeji yangu Elinami, kule tambarare ya Sanya,
ana ng'ombe kumi na wawili, wote watembezi.
"Shemeji," ananiambia, "wangu wanajilisha wenyewe.
Kazi yangu mimi ni fimbo na redio."
Kweli. Ila mwezi wa kumi tulipokwenda msibani
niliwakuta wanaramba vumbi,
mbavu unazihesabu ukiwa barabarani,
kupe wamening'inia masikioni kama hereni.
Ng'ombe watatu walikamuliwa kwa ajili ya chai ya wageni
na chai ikabaki nyeusi.
Elinami akacheka: "Ngoja mvua."
Mvua ilipokuja akaniletea dumu,
maziwa ya manjano, mazito, yananuka jani la juani.
Niliyanywa pale pale kwa mfuniko wa dumu,
na sikumsifu.

Mama Ndeskoi, ng'ambo ya korongo, yeye ni nusu kwa nusu.
Asubuhi anawaachia kwenye kahawa iliyong'olewa,
jioni anawarudisha kwenye pumba na mashudu:
mchana huru, usiku chumbani,
kama wanafunzi wa bweni.
Lita nane, siku nyingine kumi,
inategemea wamekula nini, na cha nani.
Mara mbili mwaka huu ameitwa kwa mwenyekiti
kwa ajili ya kabichi za watu.

Mimi napeleka kituoni lita kumi na nne.
Karani akizamisha kipimo chake, kinaelea vizuri,
naye anaandika jina langu bila kunitazama.
Maziwa yanashuka Moshi mjini kabla ya jua kuwa kali.
Kupe simjui. Samadi haipotei hata konzi,
yote inakwenda kwenye mshale,
na mikungu yangu inahitaji nguzo mbili mbili.
Siwezi kusema uongo, Bahasha amenisomeshea watoto.

Daktari wa mifugo alikuja na viatu vyake vya mpira,
akampapasa kiwele, akaridhika:
"Faida ya kufugia ndani, mama,
ng'ombe hapotezi nguvu kwa kutembea."
Nikaitazama miguu yangu.
Nguvu haikupotea, daktari. Ilihama.

Maana saa kumi na moja alfajiri niko mferejini na mundu,
matete yana umande, yanakata kuliko mundu wenyewe.
Mzigo kichwani, hatua mia tisa na kitu,
nilizihesabu siku moja kwa hasira, sijarudia.
Maji ndoo nne. Mgomba wa kukatakata.
Kiangazi nafuata mabua ya mahindi kule chini,
pikipiki inakula faida,
nami najibana nyuma ya mabua, nimeyakumbatia kama mgonjwa.
Mlima mzima Bahasha ameula
bila kuinua kwato.

Juzi mwanangu Aikande amekuja na kazi ya nyumbani:
*Taja mifumo mitatu ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.
Eleza mfumo unaotumika kwenu.*
Miguu yangu ilikuwa ndani ya beseni, maji ya chumvi.
Akaandika wa kuchunga, akaandika wa nusu,
kalamu ikasimama.
"Mama, wetu tuuiteje?"
Nikasema andika: ng'ombe ndani, mama malishoni.
Akaandika hivyo hivyo, mwandiko mzuri.

Daftari limerudi na mkasi mwekundu.
Pembeni mwalimu ameandika: *Sahihisha.*

Leo sikupita njia ya mkato.
Nimepita shuleni, mzigo kichwani, maji ya majani
yananitiririkia shingoni,
nikasimama kwenye dirisha la darasa la sita.
Sikubisha hodi.
Nilisimama tu, mpaka chaki ikanyamaza.