Dakika Kumi za Mwisho

Filamu yenyewe sijaiona. Nimeona mwisho wake, mara thelathini na moja,
nikiwa nimesimama mlangoni na ufagio na gunia,
nikingoja taa ziwake niokote bisi na vikombe.

Mwanamke yuko peke yake, milima imemzunguka kama baraza la wazee wa ukoo.
Hema lake limechanika; analishona kwa uzi wa kusafishia meno.
Anapanda. Anateleza, anapanda tena,
na huko juu anafika ziwa jeusi, anakunywa kwa kiganja,
analia kidogo, anacheka kidogo,
na muziki unakuja kumsaidia asiyoweza kuyasema.

Taa zinawaka. Watu wanapangusa macho.
"Kutembea ni dawa," mmoja alimwambia mpenzi wake
huku akipekua simu kuitisha teksi.

Kutembea!
Mimi nimetembea miaka kumi na minne,
Kangemi hadi mjini, mjini hadi Kangemi,
ningekuwa nimepona hata magonjwa ya majirani.

Ila kuna kipande cha njia sikikanyagi.
Tangu Muthiani.
Ni hapo Waiyaki Way, ukikaribia ABC,
hatua mia mbili hivi, labda na ushee.
Siku hizi napanda Valley Road, nazungukia Lavington,
kwenye nyua za michongoma na mbwa walionizoea
hata hawajisumbui kubweka.
Saa nzima zaidi. Wenzangu kazini hudhani napenda hewa safi.

Nilimwuliza Kavindu, wa dirisha la tiketi:
yule mama wa milimani alifiwa na nani?
"Ingia siku moja utazame mwanzo," akasema, "utajua."
Mwanzo naujua, nikamjibu.
Akanyamaza, akahesabu chenji iliyokwisha kuhesabiwa.

Jumatano moja ya Julai, baridi ya kukaza vidole,
nikatundika aproni, nikashika njia ya Museum Hill.
Sikuwa na hema. Nilikuwa na mwavuli uliovunjika ubavu,
viazi viwili ndani ya karatasi,
na raba zake, kubwa kuliko mguu wangu,
nimezijaza gazeti kwenye ncha.

Westlands. Vioo, walinzi, barabara ya juu ikinguruma utosini.
Kisha nikaanza kuhesabu.
Hamsini. Tisini.
Mia na kumi, magoti yakawa uji.
Hakuna mlima hapa, hakuna ziwa,
kuna honi, na dizeli, na vumbi linaloonja kama sarafu,
na kijana anapepea jiko la mahindi kwa kipande cha katoni
pale pale.
Pale hasa.

Nilitaka kumwambia, ondoa jiko lako hapo.
Nilikuwa nimeshafungua kinywa.
Akainua macho: "Mama, laini ama gumu?"

Tangu mazishi nimeulizwa mengi:
kama nimekubali, kama nimesamehe, kama nitafuata kesi,
kama nguo zake nitazigawa.
Hakuna aliyeniuliza swali ninaloweza kulijibu.

Gumu, nikasema. Tia ndimu. Tia na pilipili.

Nikala nimesimama, punje moja moja, kama mtu anayelipa deni,
ndimu ikichoma midomo iliyopasuka.
Na sikulia kidogo.
Nililia ovyo, kamasi na yote, magari yakipita,
na kijana akalisogeza jiko upande wa pili,
akaomba radhi kwa moshi.

Nilipofika nyumbani ilikuwa saa mbili na robo.
Nilitoa gazeti kwenye raba, lilikuwa limelowa, nikalianika.

Filamu ile wameiondoa; sasa kuna ya wezi wa benki,
mwisho wake ni milio tu, na watu huacha uchafu zaidi.

Alhamisi nilipitia Lavington tena, siwezi kudanganya.
Mbwa wakanikimbilia uani,
wakabweka, wakabweka,
kama wanaoona mgeni.