Chupa ya Kifuniko cha Buluu

Miaka miwili nimetafuna vidonge vya chokaa
vyenye ladha ya mnanaa,
nikisema ah, ni gesi tu, ni pilipili ya jana,
ni mikate ya hapa Hull, haiivi katikati.
Usiku wa manane naketi kitandani
nimeegemea mito mitatu kama anayesubiri mgeni,
na mgeni anapanda: moto,
hadi kooni, na nyongo mdomoni.

Mwarobaini, alisema dada Mwanahawa kwa simu kutoka Pangani.
Kisha, kwa sauti ya chini: au umeonewa kijicho?
Piga simu kliniki, alisema Nasra, binti yangu,
na kunizimia taa.

Nikapiga saa mbili kamili asubuhi.
Wewe ni wa kumi na saba, ikasema mashine,
ikanichezea kinanda.
Nikapika uji, nikaunywa, nikaosha sufuria.
Bado wa tisa.

Daktari Pickering alikuwa na dakika kumi
na mkalimani ndani ya spika mezani,
sauti ya kiume, ya bara, yenye adabu.
Maumivu yako wapi?
Tumbo, nikasema.
Tumbo lipi, mama?

Nikakwama.
Kuna tumbo la kusokota na tumbo la kuendesha,
tumbo la kujaa, tumbo la kunguruma mbele za watu,
tumbo lililonipa watoto wanne.
Mama yangu alikufa kwa tumbo.
Ndivyo tulivyosema, tukamzika,
na neno likazikwa naye bila kuulizwa swali.

Nikaweka kidole. Hapa, kwenye chembe cha moyo.
Spika ikanyamaza kidogo,
kisha nikasikia kwa Kiingereza neno moyo,
limetoka peke yake, limeiacha chembe nyuma.
Daktari akasimama.
Kufumba na kufumbua niko chali, kifua wazi,
nyaya kumi zimenigandia kama kupe,
na mimi napiga kelele kuelekea mezani:
Siyo moyo, baba! Chembe! Pale mbavu zinapoagana!
Mkalimani akacheka, akaomba radhi kwa lugha mbili.

Tukaanza upya.
Unapungua mwili? Chakula kinakwama ukimeza?
Choo chako ni cheusi, kama lami?
Mimi niliyefundwa kutotaja haja mbele ya wanaume,
nikajibu wanaume wawili, mmoja hana hata uso,
rangi, mara ngapi, kigumu au laini.
Paa la kliniki halikuanguka.

Nikapewa chupa ndogo, kifuniko chake cha buluu
kina kijiko kwa ndani, kama cha sukari.
Jumatatu nikaibeba kwenye mkoba,
ndani ya mfuko wa mkate, ndani ya soksi,
na kwenye kona ya Barabara ya Holderness
nani kama si Bi. Doreen na mbwa wake.
Mbwa akanusa mkoba kwa heshima kubwa.
Umebeba nini kizuri? akauliza.
Zawadi ya daktari, nikasema, nikakaza mwendo.

Majibu yakaja: vijidudu,
vimejikunja kama skrubu kwenye ukuta wa tumbo,
wapangaji wasiolipa kodi,
huenda tangu utotoni, akasema daktari, tangu Pangani.
Nikahesabu waliokunywa kisima kimoja nami.
Nikamhesabu mama.

Vidonge vya aina tatu, siku saba.
Kinywa kikawa na ladha ya sarafu,
chai ikawa na ladha ya sarafu,
siku ya nne nilitaka kuvitupa.
Nasra akavipanga kwenye kisahani cha kikombe
akakaa kunitazama nikimeza,
kama nilivyomkalia yeye na ile kwinini.

Mito miwili imerudi kabatini.
Wa tatu sijautoa; mwezi ujao
napeleka chupa nyingine, wahakikishe.
Jana nilimpigia Mwanahawa.
Tumbo lako, nikamuuliza,
lile unalosema ni la kawaida,
linauma wapi hasa?
Weka kidole.
Niambie.