Sifuri kwa Mwandiko Mzuri

Alfajiri, Mtemani, kabla maji ya bomba hayajakatika,
mama anafagia mchanga.
Si taka zilizo juu ya mchanga: mchanga wenyewe,
anautoa uani, anausukuma hadi chini ya ukuta,
na chini ya huo alioutoa pana mwengine.
Anasimama, anautazama
kama mtu aliyefika harusini akakuta wanakunja mikeka.
Kisha anainama tena.

Kisha anauliza: Shaame yu wapi?

Wiki ya kwanza nilimwambia.
Nilimwambia barabara ya Gando, mvua, vespa,
na kila asubuhi alifiwa upya,
ukelele ule ule, wa mara ya kwanza,
hata majirani wakaacha kuja,
kwani mtu mmoja hutanziwa mara moja.
Wiki ya pili nikasema: kenda Unguja.
Arudi lini?
Ijumaa.
Sikujua kuwa Ijumaa ni nyingi namna hii.

Mimi ananiita Mize, jina la dadake
aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Basi nyumbani kwetu marehemu yuko safarini,
aliye hai ni marehemu,
na chai inachemka.

Haya tuliyasoma. Mwalimu Kazija aliyaandika ubaoni
siku ambayo feni ilikufa:
*Ubwege ni hali ya mtu kuudai ulimwengu maana,
na ulimwengu usimjibu.*
Tulicheka. Bwege tulikuwa tukimjua,
ni Faki wa dukani, anayerudisha chenji zaidi.
Nikaijaza kwenye mtihani,
nikapata kumi na nne kwa ishirini,
nikaisahau.

Mwaka huu, nikitafuta cheti cha Shaame cha kuzaliwa
(ofisi haikubali kuwa amekufa
mpaka ithibitishe kwamba alizaliwa),
nikayakuta chini ya sanduku makaratasi yake mwalimu, fotokopi,
jalada hakuna, mwisho umeliwa na mchwa.
Ni mchezo wa mtu aliyeajiriwa kupima upepo
kwa mizani ya karafuu.
Kila asubuhi anafungua gunia, analiachia lijae,
analifunga, analipandisha.
Mshale hautikisiki.
Anaandika: sifuri.
Bosi haji. Mshahara hauji. Upepo unakuja.
Anaandika: sifuri,
anaizungusha polepole, ncha zikutane vizuri pale juu.

Nilisoma kwa taa ya simu, mama kalala,
nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa mtandio,
cheko ambalo sikuwa nalo tangu Shaabani.
Mwishoni lilikuwa na maji.

Sikupata dawa mle.
Bi Raya ananiambia subira, nami nasubiri;
sala zangu nasali, Mola sijamgombeza.
Ila nimeacha kuuhoji mchanga.
Mchanga haujui, na haujawahi kusema kuwa unajua.
Nilichokiona ni kwamba mtu fulani, sijui wa wapi,
aliwahi kusimama kwenye ua kama huu
mkononi ana kazi isiyokwisha,
akaona inachekesha,
akaingia kazini.

Leo nimechukua ufagio wa pili.
Mama kanitazama chini juu.
"Mize, wewe hujui kufagia. Anza ukutani."
Nikaanza ukutani.
Njukuti zinaacha mistari, kama daftari jipya,
na kuku wa Bi Raya anapita katikati
anaandika yake.

Shaame yu wapi?
Kenda Unguja.
Arudi lini?
Ijumaa.
Kwani leo siku gani?

Nimenyamaza. Kwa Mtwana mkabala, redio inasoma Kahf.
Leo Ijumaa, mama.

"Basi harakisha, asije akatukuta na uchafu,"
na tukaizunguka vespa yake, yeye kulia, mimi kushoto,
polepole, bila kuruka mahali,
mpaka mifagio ikakutana.