Sauti ya Kukodi

Mimi ndiye yule wa baiskeli na spika
iliyofungwa kwa mpira wa tairi,
ninayepita Usoke kabla jogoo hajamaliza:
Tangazo, tangazo. Tangazo la msiba.
Miaka kumi na tisa sijakosea jina la marehemu.
Watu huacha uji jikoni, huuliza saa ya kuzika tu.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni kweli.

Wakaja wa kampuni na pikapu nyeupe
na makopo mawili ya rangi. Wakapaka ukuta wa zahanati
nembo yao: jani la kijani, kiganja chini yake.
Mmoja, Bwana Evarist, viatu vyake havijui vumbi,
akasema, "Mzee Mlekwa, tunaihitaji sauti yako,
siku tatu tu." Akanipa karatasi.
Elfu thelathini kwa siku!
Msiba hunilipa buku mbili, mara nyingine wali.

Nikaisoma kama nisomavyo misiba,
taratibu, kila neno na kituo chake:
mbegu ni ya mkopo, mbolea ni ya mkopo,
bei imekwishapangwa, haitashuka,
kampuni ni jirani yenu.
Jirani huja kuomba chumvi.
Jirani anajua mbuzi wako amezaa lini.
Huyu wa kwenye karatasi anakaa wapi?
Sikuuliza. Nilikuwa nahesabu.

Kalunde, mjane wa Nzugilwa,
aking'oa mihogo akapanda tumbaku.
Akakata miombo aliyoachiwa na babaye,
akajenga bani, akalala kando ya moto usiku saba
akiusikiliza
kama mtu anayemsikiliza mtoto mwenye homa.

Mwezi wa soko, mpanga madaraja alipita
akilishika jani kwa vidole viwili.
La chini. La chini. Hili halina daraja.
Na bei haikushuka, nakiri.
Kilichoshuka ni jani.
Mkopo ukakatwa, likabaki deni,
laki nne na elfu sitini,
kwenye stakabadhi iliyoandikwa chini kwa wino wa bluu:
Asante kwa kutuamini.

Kwenye mkutano wa kijiji Evarist alisimama,
kila alichokitaja akakiita changamoto.
Akakabidhi ndoo sita za kunawia mikono.
Picha ikapigwa, tukaambiwa tutabasamu,
na wengine, Mungu atusamehe, tukatabasamu.
Kalunde hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.
"Yule simjui," akasema, "nisingemwamini.
Nilikuamini wewe, uliyemtangaza mume wangu."

Nilitaka kusema nilisoma tu.
Ulimi ukawa mzito kama robota lililonyeshewa.
Kusoma tu ni nini,
kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kusoma?

Zile elfu tisini nilikwishanunua mabati matatu.
Mvua ikiyapiga usiku, yanasema,
na mke wangu hujifanya amelala.

Jumanne alfajiri nikapita tena,
spika ileile, mpira uleule:
Tangazo, tangazo. Mzee Kapaya hatunaye.
Mazishi saa kumi, nyuma ya stesheni.
Njia nzima kimya. Hakuna aliyeacha uji.
Mlango mmoja ukafunguka nusu,
mtoto akachungulia, kijiko mkononi:
"Mama anauliza,
ni kweli, au umetumwa?"