Alama ya Reli

Usiku wa kwanza niliandika jina langu
herufi zikakimbia kama kuku wa jirani.
Mstari ukaruka, mwingine ukapotea,
mashine ikalia pii, pii,
nikachomoa waya ukutani.

Lushinge hakugomba. Alivuta kiti cha plastiki chenye ufa,
akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
Hapa hakuna kipanya, Nyanzala. Kipanya ni cha ofisi za juu.
Hapa chini una vidole, na una hali mbili:
ya kuandika, na ya kuamuru.
Ukizichanganya, umeumia.
Ukipotea, gonga Esc.
Ukipotea sana, gonga tena.

Miezi mitatu, nyuma ya chumba cha barafu,
kiwanda cha minofu, Igogo,
harufu ya sangara imeganda hadi kwenye kibodi.
h kushoto, l kulia, k juu, j chini.
Nilizikariri nikishuka na ndoo kwenye mawe ya nyumbani,
j, j, j,
mwanangu akadhani nahesabu, akanisahihisha.

x inadonoa herufi moja.
dd inameza mstari mzima.
u inatapika kilichomezwa.
Kalamu ya bosi haina u, alisema Lushinge,
akacheka peke yake.

Jumatatu karatasi ikabandikwa getini:
samaki wamepungua, zamu ya usiku nayo ipungue.
Nikaambiwa nifungue orodha, nisafishe majina kumi na moja.
Neno lao ndilo hilo. Kusafisha.

Saa nane usiku. Nimefungua.
Chini ya jina la mwisho vile viwimbi vimejipanga kushoto,
~
~
~
kiziwa kisicho na samaki.
Mdudu wa ziwani ametua kwenye kioo, nikamdhani nukta,
nikajaribu kumfuta.

Mstari wa saba:
LUSHINGE M., FUNDI, USIKU
dd
Wa chini yake wakapanda kuziba pengo,
upesi, hakuna aliyegeuka.
u
Karudi.
dd
u
Nikacheza hivyo kama mtoto na swichi ya taa
mpaka aibu ikanishika, ingawa sikuwa na mtu.

Ndipo nikaikumbuka alama ya reli.
Aliwahi kunionyesha, siku tunarekebisha vipimo vya baridi:
usifute kipimo cha zamani, huenda ukakihitaji.
Kiwekee reli mbele. Mashine itapita bila kukisoma,
ila mtu akifungua faili, atakikuta.

I kubwa, mwanzo wa mstari. #. Esc.
j, kwa anayefuata.
Wote kumi na mmoja, na mama wa mizani, na yule kijana wa Ukerewe
ambaye sikuwahi kujua jina lake la pili mpaka leo.
Mshahara hautawafikia. Hilo sina kitufe chake.

:wq

Mashine imenijibu chini kabisa, kwa herufi ndogo:
mistari arobaini na miwili, imeandikwa.
Jana pia ilikuwa arobaini na miwili.