Dokezo Moja

Saa saba ya usiku hapa Strenči.
Jiko la vigae limeishiwa kuni,
na mimi bado nabishana na mashine
kuhusu nukta mwishoni mwa sentensi.

Maelezo, inasema, yasianze na "Kifurushi hiki".
Haya. Nafuta.
Kichwa kisiishie na nukta.
Haya.
Mfano usizidi sekunde tano.
Wangu unachukua kumi na moja,
maana nimeulisha miaka yote thelathini na minne
ya baba kusimama ukingoni mwa Gauja
akiandika siku barafu iliposhika,
siku ilipoachia.

Sikupanga kuandika programu.
Nafundisha jiografia, darasa la saba,
watoto wanaoujua mto kama njia ya mkato ya majira ya baridi.
Nilitaka grafu moja tu ya ukutani.
Grafu ikadai jedwali, jedwali likadai msimbo,
msimbo ukavunjika kila nilipougusa,
nikaandika wa pili wa kuushika mkono wa kwanza,
na kufikia Krismasi nilikuwa na folda
yenye faili kumi na nne zinazotegemeana
kama ukoo wenye madeni.

Tabu ilikuwa kistari.
Katika madaftari yake kuna miaka miwili
isiyo na tarehe, kistari kitupu.
Nikavisoma vyote viwili kuwa sifuri:
mto haukuganda.
Mama akavaa miwani, akaiinamia skrini
asiyoiamini hata kidogo, akasema,
"Huu, ndiyo, ulikuwa mwaka wa tope tupu.
Lakini huu, baba yako alikuwa wodini Valmiera.
Barafu ilikuwepo. Aliyekosekana ni yeye."
Basi nikaandika jaribio, la kwanza maishani mwangu,
ili mtu yeyote, popote atakapokipakua,
asichanganye kisichokuwepo
na kisichoshuhudiwa.

Leseni nilichagua haraka:
chukua, tumia, badili,
ila daraja lako likianguka usinishitaki.

Sehemu ya waandishi ndiyo iliyonikalisha.
Mtunzaji lazima awe na anwani inayojibu.
Hapo nikajiandika mimi, Vizma,
mwenye anwani, asiye na usingizi.
Mchangiaji wa data: Tālivaldis.
Hana anwani tena. Ghala halikumdai.
Lilileta jingine, onyo:
herufi ngeni, faili la kwanza, mstari wa sita.
Ni ile a yenye paa.
Nikaivua paa. Onyo likanyamaza.
Nikasoma kwa sauti: Talivaldis,
kama karani wa posta ya mbali
anayemwita mtu mwingine kabisa.
Nikairudisha.
Kumbe dawa ilikuwa mstari mmoja tu
wa kutangaza kwamba humu ndani
tunaandika hivi.
Tangu hapo hakuna aliyeguna.

Sasa naendesha ukaguzi kwa mara ya, sijui, arobaini.
Maneno yanashuka: sawa, sawa, sawa,
kama kuita majina asubuhi ambayo hakuna mtoro.
Makosa, sifuri.
Maonyo, sifuri.
Dokezo, moja.

Nasogeza kiti. Paka anaamka kwa ajili yangu.
Halisemi kuna kilichoharibika.
Linasema tu: uwasilishaji mpya.
Yaani huyu hatumjui, hajawahi kubisha hodi hapa.
Ni kweli. Sijawahi.
Nimelitafutia dawa nusu saa nzima,
mpaka nikang'amua kuwa halitibiki
ila kwa kuingia.

Nje, mto umeanza ule mlio wake,
ubao unaopasuliwa polepole na mtu asiye na haraka.
Nachukua daftari kwanza.
Naandika tarehe kwa kalamu,
chini ya mwandiko wake.

Kisha nabonyeza "tuma".